Siku Shangazi Alipokwenda Kuonja

Gari lilipofika mlangoni asubuhi, Shangazi alikataa kulipanda mpaka lirudi nyuma mitaa miwili. Halikuwa gari bovu. Lilikuwa gari zuri tu la kubebea wageni, limeoshwa likang'aa, ila ubavuni lilichorwa chupa ndefu kuliko mtu mzima, na pembeni ya chupa maneno mekundu ya kukisifu kinywaji kikali cha bonde. Mwenyekiti wa Umoja wa Wasiogusa, mwanamke ambaye hata salamu ya muuza bia aliijibu kwa kikohozi, hawezi kutoka kwake mchana kweupe akaingia ndani ya chupa huku majirani wanafagia.

"Likasimame kule wanakofyatua matofali," alisema bila kumtazama dereva. "Sisi tutakuja kwa miguu, taratibu, kama watu wanaokwenda msibani."

"Sawa, Mama," dereva alijibu, akarudi kinyumenyume.

Dereva huyo ndiye aliyekuwa akitaka kumwoa Kibibi, na mtu mwenye haja ya aina hiyo habishani juu ya mahali pa kuegesha. Kazi yake hasa haikuwa udereva. Alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha mama yake, kilichokuwa kikitengeneza kinywaji hicho tangu enzi za babu. Leo alijitolea kuwachukua wakwe watarajiwa wakaione kazi, waonje, wale chakula cha mchana, kisha watoe neno lao.

Kibibi alikuwa binti wa kaka yake Shangazi. Jina hilo alibandikwa utotoni kwa sababu alikuwa akizungumza kama bikizee, mikono mgongoni, akiuliza watu kama wamelala salama. Siku hizi alikuwa mpimaji wa maji katika maabara, na maji hayohayo ndiyo yaliyomponza: alitumwa kupima kisima cha kiwanda, akarudi na sampuli zake na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani. Shangazi ndiye aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu.

Ukweli wenyewe ni huu, na afadhali usemwe mapema. Shangazi hakuwa na tatizo na kijana. Kijana alikuwa na adabu, alivua viatu mlangoni, alikula alichopewa. Tatizo la Shangazi lilikuwa nyumba. Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, na ukuta kati yao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Shangazi akikohoa, Kibibi aligonga upande wake kuuliza kama ni kikohozi cha kawaida au cha kumfanya ainuke aje. Shangazi naye akigonga, maana yake lala, sijambo. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa: kukohoa na ukuta unyamaze.

Lakini mtu mzima atasimamaje mbele ya wakwe aseme anaogopa kuachwa peke yake? Watamwonea huruma, na huruma ni kitu ambacho Shangazi alikuwa akikigawa, hakuwahi kukipokea. Pombe, hata hivyo, ni sababu yenye heshima zake. Mtu akikataa posa kwa ajili ya pombe, hakuna anayemuuliza swali la pili. Kwa hiyo alikata shauri: atakwenda, ataona kwa macho yake, na baada ya chakula atasimama na kusema hapana. Hotuba aliishika kichwani, yenye hoja tatu nzito.

Wala isidhaniwe kwamba chuki yake kwa pombe ilikuwa maigizo. Kaka yake, baba wa Kibibi, alikuwa mtu wa kurudi jioni akiwa amevaa miwani, na kila akivaa miwani aliahidi. Aliahidi viatu vyekundu, aliahidi baiskeli, aliahidi safari ya kwenda kuona wanyama. Mtoto alilala na furaha, akaamka akasimama mlangoni amevaa nguo ya kutokea, akisubiri. Shangazi aliona hayo mpaka moyo ukamchoka, ndipo akamfundisha mtoto sheria ya nyumba. "Neno la mtu aliyekunywa hulishiki," alimwambia, "hata likiwa tamu vipi. Subiri asubuhi. Akilisema tena asubuhi, hilo ni lako." Kaka yake hakulisema tena hata siku moja, mpaka alipozikwa. Chuki ya Shangazi ilikuwa ya kweli kabisa. Safari hii tu aliiazima kwa kazi nyingine.

Msafara ulikuwa wa watu wanne. Mbali na Shangazi na Kibibi, alikuwepo Mjomba, kaka wa marehemu mama yake Kibibi, mtu mwema asiyeweza kukataa kitu, ambaye alichukuliwa kwa kuwa ukoo wa mama nao lazima uwe na mtu. Na alikuwepo Katibu wa Umoja wa Wasiogusa, mwanamke mwembamba mwenye macho makali. Huyu alichukuliwa kama shahidi.

Kiwandani walipokewa na mama wa Mwonjaji, mjane mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyejifuta mikono kwenye aproni kabla ya kumshika kila mgeni. "Karibuni sana, karibuni nyumbani," alisema, akamshika Shangazi kwa mikono yote miwili kana kwamba walisoma pamoja. Shangazi alijiandaa kumchukia, akashindwa kupata pa kuanzia. Kibibi, kama mkwe mtarajiwa mwenye akili, aliomba apelekwe jikoni kusaidia chakula, na huko ndiko alikobaki. Angejua yatakayotokea asingebanduka ubavuni mwa Shangazi hata kwa kuvutwa.

Mwonjaji aliwatembeza. Aliwaonyesha mashine inayokamua miwa, matangi ambamo juisi hukaa na hamira ikitoa povu na kunung'unika, kisha mtambo wa shaba, mkubwa, umesuguliwa, shingo yake ndefu imepinda na kuingia kwenye pipa la maji baridi. Alieleza kwamba juisi iliyochacha huchemshwa humo, mvuke hupanda, hupoa, hudondoka. Kinachodondoka mwanzo huitwa kichwa, nacho ni kibaya, humwagwa. Cha mwisho huitwa mkia, kina harufu ya kitambaa kibichi, hurudishwa kuchemshwa upya. Cha katikati ndicho moyo, na huo ndio wanaouweka kwenye mapipa.

"Na unajuaje kwamba moyo umeanza?" Shangazi aliuliza kwa sauti ya mpelelezi.

"Kwa pua, Mama. Na ulimi kidogo."

"Kwa hiyo kutwa nzima unakunywa."

"Naonja, Mama."

"Ahaa," alisema Shangazi, akamtupia Katibu jicho, na Katibu akatikisa kichwa kama mtu anayeandika.

Hapo ndipo walipoingizwa chumba cha kuonjea. Kilikuwa chumba cha baridi, mapipa yamepangwa ukutani mpaka juu, meza ndefu ina kitambaa cheupe. Mbele ya kila kiti palikuwa na glasi ndogo tano, jagi la maji, na kindoo cha chuma kinachong'aa. Sasa, kazi ya kindoo hicho anaijua kila aliyewahi kuonja: mtu huchukua funda, hulizungusha mdomoni, kisha hutema. Hamezi. Anayemeza hafiki glasi ya tano na akili zake. Kila wiki Mwonjaji aliwaambia wageni maneno hayohayo, "Onjeni, kisha temeni," na wageni wakatema, wakacheka, wakaenda zao salama.

Lakini hao walikuwa wageni. Hawa walikuwa wakwe. Jaribu wewe kumwambia shangazi wa mchumba wako ateme mate mbele yako. Mwonjaji alifungua mdomo, neno likafika kwenye meno, likarudi. Alimtazama mama yake amwokoe. Mama yake alitazama dari. Yeye naye alikuwa mama wa bwana harusi, na neno hilo halikuwa na njia ya kupitia kwake pia.

"Na hivi vindoo," Mwonjaji alisema mwishowe, masikio yakimwaka moto, "hivi ni... ni kwa ajili yenu. Jisikieni mko nyumbani."

Mjomba, mtu wa kujisikia nyumbani haraka, alitazama jagi, akatazama kindoo, akaona jambo liko wazi. Alikunja mikono ya shati na kunawa. Katibu akanawa. Shangazi, ambaye alikuwa ameshika mapipa ya watu akitafuta kasoro, alinawa mpaka viwikoni, akasugua na katikati ya vidole. Mama wa Mwonjaji hakupepesa jicho, alitoa taulo safi, akawapa mmoja mmoja, akasema, "Pole na safari." Kisha akaashiria vindoo viondolewe, maana ungewaachia vipi wageni maji machafu mezani? Na hivyo vindoo vikaondoka, na usalama wa msafara mzima ukaondoka navyo.

Glasi ya kwanza ilikuwa ya kinywaji kichanga, cheupe kama maji. Mjomba alimeza. Katibu alisema kwamba shahidi asiyeonja ni shahidi wa kusikia tu, naye akameza. Mama mwenyeji, aliyezoea kutema miaka yote, aliona wageni wamemeza; akitema yeye, si itakuwa kama anawapa wakwe kitu ambacho mwenyewe hakitaki? Alimeza. Mwonjaji peke yake alichukua funda, akainama kwa heshima, akatoka nje mashavu yamejaa, akarudi baadaye akijifuta mdomo. Shangazi aliliweka hilo akiba. Kijana ana kibofu kibovu, alijisemea, au huko nje ana chupa yake.

Yeye hakugusa. Alikaa wima, mikono mapajani.

"Hatukulazimishi, dada," alisema mama mwenyeji, akainuka kwenda kwenye pipa dogo la pembeni, lenye vumbi. "Ila hili naomba uliguse tu kwa midomo. Mume wangu alilijaza siku huyu kijana alipozaliwa. Akasema lisifunguliwe mpaka siku watakapokuja watu wa mke wake. Yeye hakuiona siku hiyo." Akavuta kizibo.

Shangazi alibanwa. Angeweza kukataa pombe ya mtu yeyote duniani, lakini hii haikuwa pombe, ilikuwa marehemu. Isitoshe alipiga hesabu yake: akileta ugomvi sasa, watasema alikataa kwa ufidhuli; afadhali aonje kidogo, awe na haki yote, halafu akatae kwa hoja. Na glasi yenyewe ilikuwa kama kifuniko cha dawa ya kikohozi. Aliinua, akafumba macho, akasubiri harufu ya kaka yake mlangoni jioni.

Haikuja. Ilikuja harufu ya sukari inayoanza kuungua sufuriani, na ya mbao za kabati la nguo za mama yake. Ikashuka na joto lake mpaka tumboni, ikakaa hapo kwa adabu. Shangazi alikasirika sana. Alikuja amejiandaa kwa ubaya. Hakuna aliyemwonya kuhusu utamu.

"Ikoje?" aliuliza mama mwenyeji.

"Inavumilika," alisema Shangazi, akasogeza glasi mbele kidogo, kwa bahati mbaya.

Baada ya hapo kila pipa lilikuwa na habari yake, na kila habari ilihitaji glasi. Kukubali moja na kukataa nyingine ingekuwa kubagua. Katibu alianza kuyacheka mapipa, akisema yanafanana na wajumbe wa kamati. Mjomba alimwita mama mwenyeji dada yake wa damu na kumuuliza kwa uchungu walipotezana wapi. Mwonjaji alitoka na kurudi, akatoka na kurudi. Shangazi yeye alijiona yuko timamu kuliko siku zote za maisha yake, na hiyo, kama alivyowafundisha watu kila Jumamosi kwenye mikutano ya Umoja, ndiyo dalili ya kwanza.

"Jioni ndiyo mbaya," mama mwenyeji alikuwa akimwambia, viti vyao vimesogeleana. "Mchana kuna kelele za kazi. Jioni nasikia saa ya ukutani tu."

"Mimi sina hata saa," alisema Shangazi. "Nina ukuta."

"Basi uje ukae kwetu. Chumba kipo, kina dirisha la upande wa bustani. Nakwambia kweli, dada. Kibibi akija, na wewe uje."

Shangazi alitazama ndani ya glasi, akaona haina kitu, akaisikitikia.

Kibibi aliingia na sinia la kuku na wali, akasimama kizingitini. Alimwona Mjomba ameweka shavu juu ya kitambaa cheupe akiimba polepole. Alimwona Katibu akilipangusa machozi pipa. Akatazama meza nzima akitafuta kitu, asikione.

"Vindoo viko wapi?" alimnong'oneza Mwonjaji.

"Walinawia."

"Hukuwaambia wateme?"

"Nilishindwa. Wewe ungemwambia?"

Kibibi alimtazama Shangazi, aliyekaa mbele wima, kofia upande, uso umeng'aa kama wa mtoto aliyeogeshwa. Akawaza kwa haki kabisa. "Nisingeweza," alikiri.

Walikula, wale waliokumbuka kula. Kisha mama mwenyeji akagonga glasi kwa kijiko na kusema, kwa ulimi uliokuwa mzito kidogo, kwamba sasa ni wakati wa neno kutoka upande wa binti, na kwamba wao upande wao wameshampenda zamani.

Shangazi alisimama. Hoja ya kwanza ilikuwa inasema kwamba familia yake haijawahi kukaa meza moja na pombe. Alitazama meza, hoja ikamfia mdomoni. Ya pili ilihusu mfano mwema mbele ya watoto, Mjomba akakoroma. Ya tatu hakuikumbuka kabisa. Alisimama pale bila hata sababu moja ya kujifunikia, na watu wote wakimtazama.

"Sitaki," alisema.

Mama mwenyeji akaweka kijiko chini.

"Sitaki, basi. Mnataka sababu? Sababu nilikuwa nazo, nzuri, zimeniponyoka. Kijana hana ubaya. Mama yake hana ubaya. Hata hii," alilinyooshea kidole lile pipa dogo, "haina ubaya, Mungu anisamehe. Sitaki kumtoa. Nikimtoa nitapika chai ya nani? Nikikohoa nani atagonga? Nimekaa na mtoto huyu tangu yuko hivi," akaonyesha kwa mkono urefu wa kiti, "na sijui kukaa bila yeye. Sijui, wallahi sijui. Hampewi. Nimekataa."

Akakaa, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu akalia, kwa sauti, kofia ikaanguka. Mwonjaji aliinama kuiokota, akabaki ameishika asijue aiweke wapi. Mama mwenyeji naye alikuwa analia, sehemu kwa uchungu na sehemu kwa glasi tano.

Kibibi aliweka sinia chini. Uso ulikuwa umempauka, lakini alisema kwa ile sauti yake ya bikizee, polepole, "Mama, naomba mtuwie radhi. Kwetu tuna sheria. Neno la leo hatulishiki, liwe zuri, liwe baya. Tusubiri asubuhi. Shangazi akilisema tena asubuhi, nitalishika, na sitakuja hapa tena."

Alilisema kama jambo lililokwisha. Mwonjaji alimwangalia kama anatania. Hakuwa anatania.

Njia nzima ya kurudi Shangazi alikaa mbele, dirisha wazi, upepo ukimpiga. Nyuma watu wawili walilala na mmoja alitazama nje. Kidogokidogo akili ilianza kumrudia, na cha kwanza kurudi kilikuwa upelelezi.

"Wewe," alimwambia Mwonjaji, "mbona hujalewa?"

"Sinywi, Mama."

"Usinichezee. Nimekuona ukitia mdomoni kila glasi."

"Huwa natema. Mwonjaji akimeza, pua yake inakufa kabla ya mchana. Tangu nianze kazi hii sijameza hata tone."

"Na kule nje ulikokuwa ukienda?"

"Kutema, Mama. Niliona haya mbele yenu."

Shangazi aligeuka, akatazama nyuma: Katibu mdomo wazi, Mjomba amekumbatia kiti cha akiba. Akajitazama na yeye kwenye kioo cha pembeni. Katika gari lote, mtu pekee ambaye hakugusa, mbali na mtoto wake mwenyewe, alikuwa mtengeneza pombe.

"Nisimame kwenye matofali?" Mwonjaji aliuliza kwa heshima walipokaribia.

Lakini Mjomba hakuwa mtu wa kutembezwa mitaa miwili. Ikabidi chupa nzima, na maneno yake mekundu, ije mpaka mlangoni, jua bado lipo, majirani wametoka kukaa nje. Katibu aliamka wakati uleule akawapungia mkono wote, kama malkia.

Asubuhi Shangazi aliamka na kichwa kinachogongwa kwa nyundo. Alivaa, akafunga kitambaa, akakaa jikoni. Kibibi alikuwa ameshaandaa chai na kuipoza kidogo, kama anavyoipenda. Macho yake yalikuwa mekundu, naye hakuwa amekunywa.

"Katibu ameleta habari kwamba ana mafua makali ya jua," alisema Kibibi.

"Mafua ya jua," alisema Shangazi. "Mungu amponye."

Simu ilikuwa mezani kati ya vikombe.

"Mama wa kule atapiga muda wowote," Kibibi alisema. "Nilimwahidi neno la asubuhi. Wala usiogope kwamba nitanuna. Uliyasema ukiwa umekunywa, sikuyashika. Ila ukiyasema tena leo, nitayashika. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Shangazi alikizungusha kikombe. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Kubaki na mtoto kulikuwa kunahitaji neno moja tu, lilelile la jana, asubuhi hii, na hakuna ambaye angelipinga. Alilitafuta, akalikuta liko pale, tayari kabisa, na lilikuwa la kweli kama jana. Alimtazama Kibibi. Alikuwa amevaa nguo nzuri, ile ya kutokea. Alikuwa amekaa mikono mapajani, kimya, kama alivyokuwa akisimama mlangoni zamani, akisubiri kuona kama mtu mzima atakumbuka.

Simu ikalia. Shangazi aliichukua yeye mwenyewe, akabonyeza sauti itoke wazi.

"Shikamoo dada, umeamkaje?" mama wa Mwonjaji aliuliza, na sauti yake ilionyesha kwamba yeye hakuamka vizuri.

"Nimeamka," alisema Shangazi. "Sikiliza, mwenzangu, nina neno. Jana nilisimama kwako nikasema mambo. Nataka ujue jana nililewa."

Kibibi aliinua uso.

"Nililewa," alirudia, kwa sauti ileile aliyozoea kuitumia kwenye mikutano ya Umoja. "Mimi, Mwenyekiti. Chakari. Kwetu maneno ya mtu aliyelewa hayashikwi, na yale yote niliyosema hayapo. Leo nina akili zangu. Binti mmepewa, na mumtunze."

"Ee, dada! Dada yangu! Mungu akubariki!" Kisha sauti ikashuka. "Na mimi yale niliyokwambia, ya chumba..."

"Na wewe ulikuwa umekunywa," Shangazi alimkata haraka. "Hayashikwi. Usijisumbue hata kidogo."

Akakata simu kabla hajajibiwa. Akainua kikombe, akakiweka bila kunywa.

"Shangazi," alisema Kibibi, machozi yakimtiririka, "hukulewa. Ulikuwa unajua kila neno. Ulijifunga mkanda mwenyewe, ulimhoji mtu wa watu njia nzima."

"Nililewa."

"Lakini yale uliyosema, ya ukuta..."

"Nimesema nililewa! Aliyelewa ni mimi au wewe?" Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akasukuma kikombe upande wa pili wa meza. "Hebu nitie sukari. Na ukienda dukani, majirani wakikuuliza kuhusu lile gari, usinitetee. Waambie Shangazi alilewa."